Namba Kumi na Saba

Usiku, mlango nimeufunga, hesabu hainidanganyi:
laki moja na themanini kwenye kopo la maziwa ya unga.
Friji ya mtumba ya Rwegasira, pale Tabata Kimanga,
laki mbili na nusu, maneno yamekwisha.
Miezi miwili ya maandazi, nikijibana,
nauza barafu, nauza juisi ya ukwaju,
naachana na kuamka saa tisa kupuliza mkaa.
Harusi ya Ndekirwa? Nimekata shauri: elfu ishirini.
Nikaisema kwa sauti. Ukuta ukakubali.

Asubuhi orodha ikaingia kwenye simu.
Kamati haikuandika neno, ilituma majina tu:
namba tisa, Chausiku muuza mkaa, hamsini, tiki;
namba kumi na moja, fundi Mbaraka,
ambaye deni lake la kodi
tunalijua mimi na mwenye nyumba,
hamsini, tiki;
namba kumi na saba, jina langu,
na mbele yake pengo.

Ishirini yangu ya usiku ilikuwa noti mbili.
Kulipokucha ikawa uso wangu.

Nani alisema fedha haina macho?
Yangu inamwona Chausiku
kwenye benchi la Amana, siku nne, mama yangu akitapika,
ananimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa,
haulizi nitamlipa lini.
Inaniona na mimi, nisijifanye malaika,
nilivyomsengenya Havijawa
aliyetoa kumi akala pilau sahani mbili.
Tulimcheka mwaka mzima.
Alipofiwa tulikwenda wanne.

Mwanangu wa chuo anasema, mama, chora mstari,
faida huku, hasara kule.
Nikachora.
Friji nikaiweka kushoto.
Kulia nikaandika *watu*,
nikatafuta bei yake
mpaka maandazi yakaungua.

Saa saba mchana nikatuma hamsini, na makato juu.
Tiki ikaja. Nikapumua kama aliyetua ndoo,
na papo hapo nikashikwa na hasira,
sijui ya nani.

Jioni Rwegasira akapita.
"Dada, ile friji kuna mtu anaiulizia."
Nikamwambia amuuzie.
Akafika kwenye kona, nikamwita:
"Wewe! Namba ishirini na mbili
mbona iko wazi?"