Vipimo Mia na Kumi na Vinne

Kazi yangu katika okestra ni kuhesabu.
Wenzangu wana fidla, wana filimbi, wana tarumbeta
na mashavu ya kuzijaza.
Mimi nakaa nyuma, jirani na mlango wa choo,
matoazi mapajani kama sahani za mgeni aliyechelewa,
nahesabu.
Vipimo mia na kumi na vinne vitupu,
halafu pigo moja.
Halafu naenda nyumbani.

Nyamizi huniuliza kila mwaka akinipigia pasi shati:
"Ndiyo hiyo moja tu?"
Ndiyo hiyo.

Mchana niko stesheni ya Tabora, nabadili njia:
Kigoma huku, Mwanza kule, Mpanda pale.
Huko nikikosea, watu wanakufa.
Huku nikikosea, nakufa mwenyewe, kidogo.

Nilishakufa mara moja. Onyesho la kwanza,
miaka ishirini na mitano iliyopita, tukiwa tisa,
ukumbi huuhuu wa reli, taa moja ikipepesa.
Nikapiga kipimo kimoja mapema.
Mtoto wa safu ya mbele akaangua kilio,
akatolewa nje, na bado tulimsikia hadi mwisho,
sauti moja, kaishinda okestra nzima.
Mwalimu Sesilia hakunisema.
Alichukua penseli nyekundu, akaandika kwenye karatasi yangu:
SUBIRI.
Karatasi imegeuka rangi ya asali.
Neno bado jekundu.

Leo tuko arobaini na mmoja.
Viti vya bluu tumeazima parokiani,
vyeupe kwa kamati ya maulidi.
Kimoja hakikaliwi: cha Kasubi,
aliyejichongea selo ya mninga, akaisugua nta ya nyuki wake.
Mwanawe hajui kuipiga, na hataki kuiuza.

Na piano, ile iliyotoka Kigoma kwa behewa la mizigo,
imefungwa magodoro katikati ya magunia ya dagaa:
hadi leo ukikanyaga pedali
ziwa linapumua.

Kalunde anaingia. Anavua viatu,
anavisukuma chini ya kiti kama aliyefika kwake.
Juzi, mazoezini, alinijia na soda mkononi:
"Kumbe ni wewe uliyeniliza."
Sikuelewa.
"Mama kaniambia. Safu ya mbele."

Nahesabu. Tisini na sita. Tisini na saba.
Mkono wake wa kushoto unashuka chini kabisa,
kule kwenye sauti usizozisikia kwa sikio,
unazisikia kwa kiti.
Wa kulia umebaki juu, unadondosha,
unadondosha,
bati baada ya mvua, tone lisilo na haraka,
mia na tatu,
na mimi nikamwona Kasubi akipiga chafya mzingani,
nikatuona tisa, mashati ya kuazima,
mia na
mia na

Fimbo ya Mwalimu Sesilia ikanigeukia.
Mikono yangu ilikuwa wazi, shaba inameta.
Sikupiga.

Pengo likapita ukumbini
kama behewa tupu.
Waliolijua ni wawili tu:
Mwalimu, aliyeinua unyusi,
na Kalunde, ambaye hakugeuka,
ila bega lake likacheka.

Makofi. Vigelegele. Diwani akahutubia
kwa muda mrefu kuliko muziki.
Keki yenye umbo la piano ikaliwa kuanzia noti za chini.

Saa sita usiku nikapanda baiskeli,
matoazi ndani ya kiroba, kanga ya Nyamizi katikati yake.
Pale reli inapokata barabara gurudumu likaruka,
na gizani, nyuma ya mgongo wangu:
chwaaa!
Mbwa wa mtu akabweka.
"Asante," nikasema. "Umechelewa."

Nyamizi alikuwa mlangoni, taa mkononi.
"Umepiga?"
"Nimepiga."