Mtima

Alhamisi, Nyalenda, nyuma ya cherehani ya Peres Akumu:
aya moja, kwa chaki ya fundi, juu ya kitambaa cheusi.
Anazungushia neno *mtima*.
"Asili yake ni figo."

Tunacheka. Figo imfundishe mtu usiku?
Obuya hacheki. Kesho ni zamu yake ya mashine.

Turudi kwenye mpangilio, basi. Mistari inakwenda miwili miwili,
wa pili ukibeba kilichoulemea wa kwanza.
"Na huu?" nauliza. "Mbona hauna mwenzake?"
Peres anapima kwa utepe, kana kwamba nguo imepungua.

Obuya anashusha mkono wa shati, anafunika bandeji.
"Hufundisha," anasema.
"Mimi imenifundisha kuhesabu vikombe vya maji."