Namba Kwenye Kola

Akonkwa anafungua mwavuli wake saa mbili,
kona ya Kadutu, tope bado lina nyayo za jana.
Anapanga laini mezani kama mcheza karata:
nyekundu, zambarau, chungwa,
na moja ameificha chini ya kitambaa,
ya ng'ambo ya Ruzizi.
"Hii," ananong'ona, "inashika mpaka Muhungu.
Ukivuka kilima, inakusahau."

Mimi sitaki kusahauliwa. Nashona.
Wateja siku hizi hawaji na kitenge begani,
wanatuma picha: bibi harusi wa Kinshasa,
mkono umekatwa hapa, mgongo uko wazi,
"Mama Nabintu, nataka hivi hivi, Ijumaa."
Na picha inazunguka, inazunguka kwenye kioo
kama nzi aliyetumbukia kwenye glasi,
hata Ijumaa inafika, sijauona mkono.

Basi nieleze, mwanangu, polepole.
Mega mia tano ni mikono mingapi ya gauni?
Na zinakufa usiku wa manane hata sijazigusa?
Mchele nilionunua Jumatatu
hautoki chunguni kwa sababu ni Jumanne.
Anacheka. Jibu hana, ana bei.

Tukazijaribu pale pale.
Nikampigia kaka yangu Mushagalusa, yuko Kalemie.
Kwa nyekundu sauti ilikuja nzima, ila ilichelewa:
niliuliza watoto, akajibu mvua.
Kwa zambarau alikuwa mtu ndani ya pipa.
Kwa chungwa akanyamaza,
uso wake ukaganda kwenye kioo,
mdomo wazi, jicho moja limefumba,
na sikuweza kucheka,
maana ndivyo alivyolala baba siku ile.

"Nyekundu," nikasema. "Ya kazi."
Akonkwa akaibandua kadi kwa ukucha.
"Na ile ya zamani tuitupe? Inakula nafasi bure."

Ile ya zamani.
Miaka kumi na moja ninaidarizi kwenye lebo,
uzi mweupe juu ya utepe wa buluu,
ndani ya kola, pale nguo inapogusa shingo.
Wenzangu wanaandika kipimo.
Mimi naandika jinsi ya kunipata.
Iko Uvira. Iko Shabunda, kwenye koti la mwalimu.
Iko Walungu, kwenye gauni la ubatizo
lililokwisha kuvaliwa na watoto sita.
Moja najua iko chini ya udongo,
Bibi Mwavita aliomba azikwe nayo.
Nani atakwenda kuwafumua wote?

Mwezi wa tatu, usiku, mwanamume alipiga,
sauti nisiyoijua, Kiswahili cha Maniema.
Amenunua koti kuukuu sokoni Kindu,
kishikizo kimoja hakipo,
akaona namba shingoni.
"Nilitaka tu kujua kama kuna mtu."
Nikamwambia yupo.
Nikamwambia kishikizo ni cha pembe, matundu manne.
Hatukufika mbali, salio lake liliisha.

Kwa hiyo nyekundu imeingia kwenye simu kubwa,
ile yenye ufa wa umbo la mto.
Ya zamani iko kwenye kisimu cha vibonye,
ndani ya kopo la bobini, kati ya nyuzi,
na kila mwezi naiwekea franka chache isife.
Ni hasara. Nimeiandika kwenye daftari,
chini ya sindano zilizovunjika,
juu ya deni la Mama Riziki ambalo halitalipwa.

Leo asubuhi mega zimeisha katikati ya picha.
Mkono wa kushoto umefika. Wa kulia bado.
Nimeanza na wa kushoto.