Mabawa ya Kumbikumbi

Kwa baba, kitu ni kile kinacholia ukikigonga.
Alifua shaba uani kwetu Katuba, jua bado changa:
twiga, mama na mtungi, ramani ya nchi,
kwa wageni waliotaka kurudi kwao na kitu kizito.
Nyundo yake ndiyo saa iliyoniamsha kwenda shule.

Mwaka wa pili chuoni nikatumwa kwa Mama Kabwita,
nyuma ya gereji, njia ya Kasapa.
Nilisukuma mlango kama ninavyosukuma milango yote.
Upepo ukaingia nami.
Juu ya meza alisimama mtu, kimo cha mtoto wa darasa la kwanza.
Akaanguka. Hapana,
akasambaa.

Alikuwa wa mabawa ya kumbikumbi,
yale tunayoyafagia chini ya taa baada ya mvua ya kwanza,
miili ikiwa tayari kikaangoni na chumvi.
Miezi mitatu, bawa juu ya bawa,
gundi ya unga wa muhogo,
bega, shingo, mkono ulioanza kunyooka.
Mama Kabwita hakupiga kelele. Alichukua ufagio,
akatazama miguu yangu, kisha mlango.
“Funga,” akasema. “Polepole.
Somo la leo limekwisha.”

Nilirudi kesho yake, nikaingia ubavuubavu.
Nikaona kiatu cha mtoto, kimesukwa kwa nywele za saluni.
Sahani ya maganda ya vitunguu, mwanga ukipita ndani yake kama chai.
Na lile bomba la kiwanda, refu, linaloonekana kutoka kila mtaa,
kwa majivu ya karatasi, limesimama
kwa sababu tu hakuna aliyekohoa.

Nikauliza: mbona si shaba, mama,
na hii ardhi imejaa shaba hadi chini ya vitanda vyetu?
“Shaba hainihitaji,” akajibu.
“Isahau miaka kumi, utaikuta.
Hiki nikikisahau usiku mmoja,
panya.”

Nikaanza kuomba maganda kwa Ngoie,
auzaye mayai ya kuchemsha langoni pa chuo.
Alidhani nimeagizwa na mganga.
Wiki tano, kwa kibano cha nyusi cha dada yangu,
nikaijenga nyundo ya baba:
kichwa kilichobonyea upande, mpini wenye kovu la moto.
Mara mbili ilipasuka jikoni, mikono yangu ikiwa mbali.
Mara ya tatu nilielewa: ni yeye, uani, anafanya kazi.
Kila pigo lake lilipita ukutani
likaja kuivunja nyundo yake.

Sikumwambia. Ningesema nini?
Niliiweka tu kwenye kiti chake, gizani.

Asubuhi hiyo nilichelewa shule. Sikusikia kitu.
Nilimkuta amechuchumaa mbele ya kiti,
mikono nyuma, kama mtu aliyekatazwa kugusa.
“Unauza bei gani?”
Nikamwambia haiuziki, haitafika hata kituo cha basi.
Akacheka, na kwa kucheka kwake
kipande kikadondoka kwenye mpini.

Alilamba ncha ya kidole,
kile kisicho na ukucha,
akakiokota kama mtu anavyookota punje ya chumvi.
Akabaki hivyo, kidole hewani,
hapumui vizuri.
“Gundi,” akanong’ona. “Gundi iko wapi?”