Ubao Unaong'aa

Baba yangu, Hilarión Zurita wa Aiquile, fundi wa charango,
alianguka Jumanne na patasi mkononi.
Hakujikwaa. Hakulewa pia,
ingawa ilikuwa wiki ya kanivali
na jirani wakaapa chicha imemshinda.
Alizimika tu, kama taa ya jikoni umeme ukikatika,
kisha akafumbua macho
akamalizia neno alilokuwa ameanza.

Mimi ndiye niliyembandika waya.
Mwaka wa kumi na moja huu nawabandika watu waya Cochabamba,
kifuani sita, viungoni nne,
nawaambia wasiongee, wasicheke.
Karatasi ya waridi ikatoka ikinung'unika.
Niliisoma kabla ya daktari Ledezma
nikatamani nisingejua kusoma.

Vyumba vya juu viligonga mara sabini na sita kwa dakika.
Vya chini vikajibu
thelathini na nne.
Tena si kujibu.
Kila upande ulijipigia ngoma yake,
kama ndugu waliogombania shamba
wakabaki nyumba moja,
mlango wa kati umepigiliwa misumari.

"Tangu lini?" akauliza Ledezma.
Baba akahesabu wiki.
Mimi nikahesabu miaka, nikirudi nyuma
hadi nyumba ya bibi Encarna,
kuta za udongo, paa la nyasi,
nyufa ambazo mkono wa mtoto huingia.
Humo aliishi vinchuka, binamu wa kunguni,
mwenye adabu ya kungoja taa izimwe.
Huuma shavuni wala hauamki.
Hunywa, hushiba, huacha kinyesi, huenda zake.
Uovu umo kwenye kinyesi.
Mtoto hujikuna usingizini,
na kwa ukucha wake mwenyewe
humfungulia mgeni mlango.

Ipo picha sebuleni, baba ana miaka sita,
jicho moja limefumba kwa uvimbe.
Miaka hamsini tumeicheka picha hiyo.
Tulidhani anamkonyeza mpiga picha.

Kikulacho, kumbe, ki ukutani mwako.

Nilipomweleza hakuniuliza mdudu ana miguu mingapi.
Aliuliza, "Kama mchwa?"
Nikasema ndiyo, kama mchwa.
Akanyamaza, maana mbao anazijua:
ubao unang'aa, umenyooka, unanukia,
na ndani nyuzi zote zimeshaliwa.
Zile kamba nyembamba zipelekazo habari
kutoka juu ya moyo kwenda chini,
mgeni amezitafuna polepole
baba akichonga, akioa, akizaa,
akikaza nyuzi kumi kwa sikio tupu.

Walimpasua chini ya mtulinga
wakamtia betri, ukubwa wa kiberiti.
Ni ya msaada, tena ya mtumba:
mwenyewe alifariki nchi ya mbali, kwa ajali,
ikasafishwa, ikapimwa, ikapanda ndege.
Baba akataka kujua jambo moja.
"Huyo marehemu alipenda muziki gani?"

Sasa haanguki.
Ila analalamika.
Sitini, sitini, sitini, anasema,
hakuna mtu mwenye damu anayepiga sawasawa hivi;
mpigaji mzuri huchelewa kidogo kabla ya kiitikio
ili wachezaji wamtamani.
Ledezma alicheka. Mimi sikuweza.

Likizo zangu zote za utotoni nililala kwa bibi Encarna,
kitanda cha ukutani, kaka yangu Rómulo miguuni.
Rómulo hataki kupimwa. Anasema yuko sawa.
Picha zetu nimezipekua zote:
hakuna jicho lililovimba,
lakini si kila mgeni hupiga hodi.

Jumapili nilimkuta karakanani akichagua mbao.
Anagonga kwa kifundo cha kidole,
anatega sikio, anagonga tena.
Mmoja, mzuri kuliko yote, mwekundu kama divai,
akaugonga
akauweka kando na kuni.

Akafuta vumbi mikononi, taratibu.
"Na wewe, Nieves," akasema, bila kunitazama,
"umeshajigonga?"