Vituo

Baba yangu alicheza kituo cha pili,
na cha tatu, na pale katikati pasipo kituo,
popote mwenzake alipoteguka kifundo.
Miji kumi na minne, miaka kumi na sita:
Elmira, Pocatello, Beaumont, Toledo.
Jiografia mimi nilijifunza kwenye bahasha,
kwa mihuri ya posta, na hundi ndogo ndani
ambayo Mama aliinusa kabla ya kuisoma,
kwa kuwa ilinukia mafuta ya glavu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Virgil Hruska jembe alipewa mlangoni,
begi hajalitua.
“Unacheza wapi?” wakamwuliza.
“Nanyi mmepungukiwa wapi?”

Ligi kuu alikaa siku kumi na moja.
Nazijua zote, kama Mama alivyojua rozari.
Siku ya saba, manyunyu, timu imeshalemewa,
akagonga mpira uliojikokota kwenye nyasi
kama bibi anayetafuta miwani,
na mlinzi wa tatu akautazama, akautazama,
akiomba utoke nje ya mstari.
Haukutoka.
Hilo ndilo pigo lake. Moja.
Mpira wenyewe tunao, kwenye kopo la kahawa,
na tarehe juu yake ameikosea.

Vidole vilivunjika kimoja kimoja,
kila kimoja kikapona kikielekea kwake,
hata akikuonyesha njia ya dukani
hujui ukate kushoto au uende kwa Mungu.

Magoti yalipokataa, wakampa gongo jembamba
na vijana ishirini na watano,
wengi hawajaanza kunyoa,
wawili wametoka Santo Domingo juzi
bila hata neno la kuombea chumvi.
Akawafundisha miguu kabla ya mikono.
“Mpira ni mwongo,” alisema,
“lakini ukiusogelea, unaishiwa maneno.”
Na ule uliopaa ukapotelea juani?
Aliyeko juu, mngoje chini.
Basi.

Jioni alisimama kando ya kituo cha tatu,
shavu limejaa mbegu za alizeti,
akizungusha mkono kama anayefukuza nyuki:
nenda, nenda, nenda nyumbani!
Ndivyo wanavyopaita pale unapomalizia mbio.
Yeye nyumbani alifika Septemba,
akanikuta na jino asilolijua.

Lakini kazi aliyoichukia ilikuwa ya asubuhi.
Meneja alijifanya yuko kwenye simu.
Baba ndiye aliyekwenda kugonga mlango wa kijana,
maana yeye mwenyewe aligongewa mara tisa
na alijua ni vidole vingapi vinatosha.
Hakusema samahani. Hakusema mwakani.
Alimnunulia mayai na viazi,
akamwacha ale hadi asugue sahani kwa mkate,
ndipo akamwambia
(habari mbaya juu ya njaa, alisema, ni dhambi mbili),
kisha akampakia kwenye Plymouth yetu
mpaka kituo cha basi,
akaketi naye benchini
hata basi lichelewe namna gani.

Kiangazi kimoja nilikuwa kiti cha nyuma.
Nilikuwa na miaka kumi.
Kijana aliitwa Orrin Tranberg,
mtu wa huko kwenye theluji,
naye alilia kwa kelele, kama mtoto wa ng'ombe.
Baba hakumtazama. Alitoa glavu yake,
akaanza kumwonyesha jinsi ya kufunga kamba upya,
fundo kwa fundo, polepole,
kana kwamba kesho kuna mchezo.
Basi likaja. Fundo la mwisho bado.
Kijana akapanda nayo, akiwa ameikumbatia,
na sidhani kama alijua.

Baba alifungua mdomo.
Akaufunga.
Mlango wa basi nao ukafungwa.

Jioni ile, uwanjani,
alifundisha kwa mikono mitupu.