Herufi Iliyopungua

Mwezi wa pili, Kutaisi, nje kunanyesha kitu
kisichoamua kuwa mvua au theluji.
Laptopu yangu ikaniandikia barua:
Mashine hii haifai kwa toleo jipya. Nunua nyingine.
Hakuna salamu, hakuna samahani.
Miaka kumi na mmoja nimeibeba mkoba mmoja na vitunguu,
kitufe kirefu kimeng'aa kwa kidole gumba changu,
leo inaambiwa imezeeka
na mtu ambaye hajawahi kuigusa.

Nikaizima. Nikamenya viazi.

Jumapili akaja Lasha, mtoto wa kaka yangu,
na flashi tatu ndani ya kiberiti kitupu.
"Shangazi, jaribu, kisha chagua. Zote ni bure."
Bure! Mimi niliyekulia kwenye foleni ya mkate
najua bure ina meno.
"Bure kama nini?"
Akafikiri. Mvulana huyu hufikiri huku akikuna kisigino.
"Kama kitabu unachopewa pamoja na kalamu nyekundu,
na ruhusa."
Nikacheka. Mchapishaji wa namna hiyo sijamwona.

Mchagua jembe si mkulima, husemwa.
Na iwe. Mimi ni msahihishaji wa miswada,
nilichagua juma zima.

Ya kwanza ilikuwa nzuri kama sebule ya tajiri,
madirisha yakifunguka kwa madoido.
Waifai haikuiona kabisa,
na feni ikahema kama mwenye pumu akipanda ngazi.

Ya pili ilikuja na skrini nyeusi na swali.
Nikajibu. Ikauliza jingine.
Nilijihisi nipo ofisi ya pasipoti.
Hii ndiyo aipendayo Lasha. Lasha ana miaka kumi na tisa,
usiku wake hauna mwisho.

Ya tatu haikunivutia: ya kijivu,
kama sweta ya mwalimu wa hesabu.
Lakini printa yangu iliijua kwa jina,
printa iliyokanwa hata na fundi wa sokoni,
na herufi zetu thelathini na tatu
zikaketi kila moja kwenye kiti chake.
Nikafanya kazi hadi saa nane za usiku.
Nilipotaka kuzima ikaniuliza,
kwa Kijojia, kama nina hakika,
na katika neno "hakika"
herufi moja ilipungua.

Sikulala.

Asubuhi nikampigia Lasha: "Bosi wao nani?"
"Hakuna bosi, Shangazi. Waandikie tu."
Nikaandika kwa adabu ile niliyowaandikia wizara:
mstari huu, neno hili, herufi hii.
Akajibu mtu aitwaye Zviad, dereva wa lori, wa Poti:
"Asante, mama. Nilitafsiri nikiwa kwenye foleni ya mpakani,
macho yameniwiva."

Miaka ishirini na sita nasahihisha.
Jina langu hukaa ukurasa wa mwisho, kwa maandishi ya chungu.
Na ule mfumo wa zamani niliulipia,
wala haukunisikia hata nilipopiga meza.

Nikaufuta siku hiyo hiyo.
Mkono ulitetemeka, sikatai;
mlikuwa na picha za mazishi ya mama.
Nilizinakili mara mbili, kisha mara ya tatu.

Si kwamba yote ni shwari. Nikiifunika na kuifunua
huamka na kichwa kizito, nairudisha kwa kuizima.
Tovuti ya benki inaninunia.
Skana nimeipa likizo.

Lakini mwezi wa nne, mlozi wa jirani ukichanua,
likaja sasisho dogo, la dakika mbili.
Usiku nikabonyeza kuzima.
Ikaniuliza kama nina hakika.
Nikahesabu kwa ncha ya kalamu, moja moja,
kama ninavyolipwa kuhesabu.
Zilitimia.

Nikabonyeza Hapana,
nipate kuisoma tena.